Baba Amekwisha Nawa

Kaka yangu alipoacha duka la Baba pale Dunda akaenda kupika kwa Mtaliani, Baba hakugomba. Alisema tu, "Kila la heri," kama unavyomwambia msafiri usiyemjua. Tangu hapo, kila kaka alipokuja nyumbani na kikapu cha kitu alichopika, siku hiyo Baba ana tumbo, au amekwisha kula kwa rafiki yake. Mama na mimi tulikula. Baba hakuonja hata tonge moja la mkono wa mwanawe.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni kaka alipoleta mwaliko. Jumatatu hoteli haina wageni, na Mtaliani anatuita sisi watatu chakula cha mchana. Mtaliani huyu aliletwa huku mateka wa vita. Vita vilipokwisha hakutaka kurudi kwao, akafungua hoteli kando ya barabara ya Dar es Salaam, mbele kidogo ya Kerege, ambako Wazungu wa mashamba ya mkonge huenda kula Jumapili. Sasa Baba hawezi kukataa mwaliko wa mwenye nyumba, na kaka alilijua hilo. Akanivuta pembeni.

"Tambi atapika yeye. Samaki ni wangu. Nataka Baba ale samaki wangu, basi. Hata asiseme kitu."

Mimi sipendi kula mbele za watu. Naona kama kila mtu anaitazama midomo yangu. Lakini nilikwenda.

Mtaliani alitupokea mlangoni. "Shikamoo, mzee," akamwambia Baba.

"Marahaba," Baba akajibu, "ila kwanza tutazamane vizuri tujue nani mkubwa." Wote wawili walikuwa na mvi sawasawa.

"Sufuria ni mpya," kaka akasema kabla hajaulizwa. "Na visu pia. Leo humu hamna kitu cha haramu."

Chupa za mvinyo zilikuwa rafuni, zimefunikwa kitambaa cheusi, shingo tu zinachungulia. Mama akaninong'oneza, "Zimevaa buibui." Nikauma kidole nisicheke.

Tambi zikaja, kila mtu na sahani yake. Hilo peke yake lilitutatiza, maana sisi hula sinia moja. Mama akaisogeza sahani yake ikagusana na ya Baba, nami nikasogeza yangu. Kwetu tambi ni za sukari na iliki, za asubuhi ya Idi. Hizi zilikuwa za nyanya na vitunguu thomu. Baba alitafuna tonge la kwanza polepole sana, bado anaitafuta sukari. Kisha akazikubali. Akazila kwa mkono, nyingine zikimning'inia kidevuni.

"Bwana, hizo tambi au unavuta wavu wa jarife?" Mama akamwuliza.

Baba akacheka mpaka akapaliwa. "Tamu," akamwambia Mtaliani. "Nzuri sana. Hazina kasoro." Akaongezwa, akamaliza. Akaongezwa tena, akamaliza, kwa adabu ya mgeni. Halafu akasema alhamdulillahi na kuomba maji.

Kaka alikuwa jikoni. Mtaliani, naye kwa adabu yake, akaleta birika na bakuli, Baba akanawa. Nilitaka kusema kwamba samaki yu njiani, lakini mbele ya mwanamume mgeni niliona haya.

Kaka akaingia na kolekole mzima kwenye sinia, amezungushiwa zeituni na ndimu. Akaliona birika. Akasimama palepale.

Baba akisha nawa hali tena. Hata arusini, hata aletewe nini. Kunawa ndio mwisho wa chakula.

"Umejitahidi, bwana," Baba akamwambia mwanawe. "Mungu akubariki. Tumeshiba."

"Bado, mzee," Mtaliani akasema. "Tambi kwetu ni za kufungua tumbo tu."

"La huyu limefunguka na limekwisha fungwa," Mama akasema, lakini hakucheka. Alikuwa anamtazama kaka, na kaka alikuwa anazitazama zeituni zake.

Basi nikasema mimi. "Baba, tungoje njaa."

Wote wakanigeukia. Masikio yakaniwaka moto.

"Tungoje nini?"

"Njaa, Baba. Wao chakula cha mchana hukaa nacho mpaka jioni. Kaka alinieleza."

Baba akafikiri, uso mzito kama anayeulizwa swali la sheria. "Alasiri nitatawadha," akasema hatimaye. "Nikitoka kusali, kitakachokuja ni chakula kingine. Hicho cha kwanza kimekwisha."

Tukakaa. Sijapata kukaa hivyo mezani maisha yangu. Mtaliani alivua viatu akatusimulia habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akimpiga kwa mwiko. Mama akamwambia mama huyo angefaa kuwa jirani yetu. Baba akasinzia kidogo, akazinduka, akauliza samaki alivuliwa wapi.

"Nimemchukua Mbegani, alfajiri," kaka akasema. Hakuweza kuketi. Alitaka kumrudisha samaki motoni, Mtaliani akamkataza, atakauka. Samaki akapoa, mafuta yakaganda juu yake.

Tuliposwali alasiri na kurudi, mikono ya kanzu ya Baba ilikuwa bado mbichi. Akasema bismillahi, akamega ubavuni, akatafuna.

"Chumvi imepungua," akasema. "Na ndimu ungeikamua mwanzo, si mwisho. Na mwiba huu, hukuuona?"

Mama akainamia meza, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nami nilielewa. Baba akila kwa watu husifu kila kitu, hata wali uwe mbichi. Kasoro huzitoa nyumbani tu, kwa chakula cha Mama, kila siku ya Mungu.

"Ndiyo, Baba," kaka akasema. "Chumvi." Akavuta kiti, akaketi, akapeleka mkono kwenye sinia.

Baba akakivunja kichwa cha samaki, akakisukuma upande wa kaka, na kumwuliza kama Wataliani hawa hawana pilipili.