Sauti ya Msusi

Wifi yangu alipoacha uuguzi akaenda kusomea shahada ya uzamivu, kaka yangu, yaani mumewe, alimpachika jina la Daktari wa Makaratasi. "Mpelekee kidonda, atakupa fomu ujaze," alikuwa akiwaambia wageni, na wifi mwenyewe alicheka kuliko wote. Mimi ni fundi cherehani, shule yangu iliishia njiani, lakini nilijivuna utadhani ninayesoma ni mimi. Hata gauni la kuvaa chini ya joho nilikuwa nimeshamkatia.

Utafiti wake ulihusu wanawake waliopoteza watoto siku ya kujifungua. Aliwafuata majumbani mwao, wakaongea naye mbele ya kinasa sauti kidogo kama kiberiti. Kabla ya kukiwasha aliwasomea fomu ya ridhaa neno kwa neno: sauti yako tutaisikia mimi na msimamizi wangu tu, na ukibadili mawazo, siku yoyote, bila kutoa sababu, tutakutoa. Wengine walitia saini kabla hajamaliza kusoma. Ndiye aliyewashika mkono wodini, wangemwogopea nini? Hawakuiamini karatasi, walimwamini yeye. Hilo watu wa vyuoni hawalijui, au wanajifanya hawalijui.

Msimamizi wake, Profesa, sitamsingizia. Alimtendea wema. Kila sura aliisoma kwa penseli iliyochongwa vizuri, akaandika pembeni kwa herufi ndogo ndogo. Baba yake wifi alipofariki, mzee yule alikuja msibani akasaidia kubeba viti kama jirani. Wifi alimpenda kama baba wa pili, na ndiyo maana yaliyofuata yalimuumiza mara mbili.

Kati ya wanawake hao alikuwamo msusi mmoja, kibanda chake kiko mtaa wa nyuma ya kwangu. Uchungu ulimwanza akiwa anamsuka mteja, imebaki mistari mitatu. Akajiambia amalizie kwanza, mimba ya kwanza haina haraka. Alipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Msusi alimwambia mumewe kwamba uchungu ulimshika ghafla. Ukweli aliusema mara moja tu, kwa wifi yangu.

Miezi saba baadaye msusi alikuja nyumbani kwa wifi, akakataa hata kukaa. "Dada, yale maneno yangu yatoe. Tangu niyaseme sina raha."

"Nitayatoa," wifi alimjibu. "Ondoa wasiwasi."

Kesho yake asubuhi alipanda hadi ofisi ya Profesa, ghorofa ya pili, chumba chenye kabati la chuma lisilofungika vizuri. Alinisimulia kila neno. Profesa alimsikiliza, akavua miwani.

"Huyo ndiye roho ya tasnifu yako, mwanangu. Ukimtoa huyo, sura ya tano inakufa."

"Lakini fomu inasema siku yoyote, Profesa."

"Fomu inasema mengi. Uchambuzi umeshafanyika. Maliza sura ya tano kwanza, halafu tutaliongea."

Hapo ndipo nilipoingia na mdomo wangu. Wifi alikuja dukani akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza angefanyaje. Mimi, sindano mdomoni, nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Miaka minne imekwenda, imebaki sura moja, unataka kugombana na mtu aliyeshika kalamu ya kukupitisha? Vumilia, ukishapata cheti chako utamtoa huyo msusi na wengine kumi. Nilikuwa nalitazama lile gauni, Mungu anisamehe, wala sikumtazama msusi. Wifi alinisikiliza, akarudi kuandika.

Wiki tano baadaye Profesa alialikwa kuzungumza katika hospitali kubwa, mbele ya madaktari na wauguzi. Wifi alikaa mstari wa pili. Katikati ya mazungumzo, bila kumtahadharisha, mzee akasema kwamba takwimu peke yake hazitoshi, tumsikilize mama mwenyewe. Akabonyeza kitufe. Sauti ya msusi ikajaa ukumbi mzima, ikisema ilikuwa imebaki mistari mitatu. Watu walifuta machozi. Wifi hakusimama. Anasema miguu ilikataa, nami namwamini, lakini yeye mwenyewe hajiamini.

Mle ukumbini alikuwamo muuguzi mmoja, dada wa mume wa msusi. Wifi kama mimi, jamani! Sauti ya mke wa kaka yako huwezi kuisahau. Jua halijazama mume alikuwa ameshaambiwa, na ilipofika Ijumaa alikuwa ameshahamisha nguo zake.

Wifi aliandika barua mbili, moja kwa kamati ya maadili ya chuo, nyingine kwa Profesa, akaipeleka hii ya pili kwa mkono wake. Mzee aliisoma akiwa amesimama. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema tu, "Nilikuwa nimeshaanza kukuita mwenzangu." Wifi alilia ngazi zote hadi chini. Maprofesa wengine aliowaendea wamsimamie walimpa pole, kila mmoja akaeleza jinsi alivyo na wanafunzi wengi. Kamati ilijibu kwamba barua imepokelewa. Amerudi kliniki, anapima uzito wa watoto. Kaka yangu jina lile halitamki tena, na mimi gauni sijalimalizia.

Jumamosi moja aliniomba nimsindikize kwa msusi. Tulimkuta peke yake kibandani, anatenganisha nywele za bandia mafungu mafungu, akiziweka juu ya goti.

"Nimekuja kukuomba radhi," wifi alisema. "Nilikuahidi siku ileile, nikachelewa. Nilitaka kumaliza kuandika. Sasa Profesa nimemwacha, na shahada nimeiacha."

"Sauti yangu umeitoa?"

"Hapana. Imebaki kwake. Nimewaandikia wakubwa."

Msusi aliendelea na kazi yake. "Lakini pale ukumbini hakuna aliyesikia jina," wifi alisema, akijitetea, nami nilitamani nimzibe mdomo. "Majina tulishayakata yote kwenye sauti."

Mikono ya msusi ikasimama.

"Majina gani? Mimi nilitaja jina moja tu. La mwanangu. Baba yake alikataza tusimpe, eti kwa kuwa hakulia. Nikampa mwenyewe, nikakutajia wewe, basi." Akamtazama wifi usoni kwa mara ya kwanza. "Nilikuomba utoe maneno yangu yote. Mkatoa hilo tu."

Nje palikuwa na mteja anasubiri. Msusi alimwita, akamkalisha kitini, akaanza kumchana.