Frigeti ya Mama Akinyi

Siku ile Mama Akinyi alipofika ufuo wa Dunga na gauni lake la kanisani, kupokea mashua yake mpya, naikumbuka mpaka leo. Usicheke nikikuita mwanangu. Mvi sina bado, lakini ziwa limeshanifunza.

Nilikuwa fundi mchanga wa mashua chini ya Mzee Okoth. Huko mtaani Obunga nilipata kitabu kisicho na jalada, chenye picha za frigeti, zile manowari za zamani zilizoenda kwa matanga. Wacha nikwambie, zilikuwa nzuri! Milingoti mitatu, tanga juu ya tanga, mizinga safu moja ubavuni. Na mbio zake! Manowari kubwa zilizituma mbele ziwe macho yao.

Basi Mzee akasafiri kwenda kwenye msiba wa shemeji yake, akaniachia mashua ya Mama Akinyi niimalizie. Mama ni mjane, na watoto wake wanne wangelishwa na omena, wale dagaa wa ziwani, wa mashua hiyo. Nikajiambia, kwa nini isifanane na frigeti? Nikarefusha mlingoti. Mifuko ya mchanga inayokaa chini nikaitupa, mashua ielee juu kwa maringo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Tulipoisukuma majini, watu walipiga vigelegele. Nikatandaza tanga. Upepo mmoja tu, mwanangu, mashua ikalala ubavu, mlingoti ukavunjika kwaa!

"Admirali!" wavuvi wakanicheka. "Meli yako imechoka mapema!"

Mama Akinyi hakucheka. Alikaa mchangani na gauni lake zuri, akauliza polepole, "Sasa watoto watakula nini?" Swali hilo bado linanichoma.

Mzee Okoth alinikuta hapo, begi la safari bado mkononi. Nilingoja matusi. Akasema, "Leta hicho kitabu."

Alikifungua hadi ukurasa niliokuwa nauruka, ule wa frigeti iliyochorwa kama imepasuliwa katikati. Chini kabisa, gizani, kulijaa vyuma na mawe.

"Yawa, hawa walikuwa mafundi," akasema kwa heshima. "Wewe ulipenda tanga. Wao walianza na tumbo. Chukua gunia, ujaze mchanga."

Siku tatu nilijaza mchanga, nikachonga mlingoti mfupi. Mara ya pili tanga lilipovuta, mashua iliinama kidogo, ikanyooka, ikakata maji kama iliyotumwa. Mama Akinyi akaniita: "Fundi, andika jina ubavuni. Andika Frigeti."

Mwanangu, watu wa pwani husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: uzunguke nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi tumboni mwake. Ota ndoto kubwa, zenye matanga mengi, sikukatazi. Lakini kwanza weka uzito pale wasipoona watu, hasa kama chombo ni cha mwenzako. Mungu akupe upepo, na kabla ya upepo akupe mchanga wa kutosha.