Kugawanya kwa Tisa

Harufu ya dawa ya kupigia sakafu deki hunirudisha kwenye wodi moja kule Upper Hill, alikolazwa baba yangu, mwalimu wa hesabu, baada ya kuumia kichwa. Nyumbani tulikuwa na mchezo: mimi naandika namba ndefu ajabu, yeye anajumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa tisa, namba nzima pia inagawanyika.

Siku hiyo wodini niliijaza karatasi nzima kwa namba moja.

“Inagawanyika, Baba?”

Alianza kujumlisha, akapotea, akaanza upya. Kisha akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni.

“Nani amekufundisha hesabu, msichana?”

Mama aligeukia dirisha.

“Ni baba yangu,” nikamjibu.

“Mwambie amekufundisha vizuri.”