Shikamoo na Waya wa Magego

Leo nimepita Kariakoo, harufu ya karafuu ikanirudisha utotoni. Daktari wa meno kule Upanga alikuwa amenifunga waya kwenye kaakaa, ili magego yangu ya juu, yaliyoota yamegeuka, yazunguke polepole yakae sawa. Ulimi ulikosa nafasi. Shikamoo yangu ilitoka na mate, wenzangu wakacheka, nikaacha kuamkia wakubwa.

"Mwanao siku hizi anatupita kama nguzo za umeme!" jirani alimwambia mama dukani, watu wakisikia. "Kiburi tu!"

Nikainamisha kichwa, machozi yakinilengalenga. Mzee aliyeuza karafuu duka la pili akaweka kipimo chini, akanitazama.

"Marahaba, mwanangu," akasema, ingawa sikuwa nimefungua mdomo.