Mlio uliohama: Fundi wa Kombani na pikapu ya wakulima wa mwani

Saa tatu asubuhi, Kombani. Fundi Chome Garama ameinama juu ya injini inayonguruma. Sikio lake la kulia amelibana kwenye kikonyo cha jani la mpapai, kile kirefu kilicho wazi ndani kama mrija, na ncha ya pili anaitembeza polepole juu ya chuma. Amefumba macho. Waliomzunguka wamenyamaza, na hata mnunuzi wa vyuma chakavu amezima redio yake.

Injini inagonga. Hilo halihitaji fundi. Ko, ko, ko, mlio mzito unaotoka tumboni mwa gari, wa kumfanya mwenye gari aanze kupiga hesabu za kaburi.

"Zima," anasema Chome. Anajifuta jasho kwa mkono wa shati na kumgeukia mama mmoja mnene aliyejifunga leso mbili, amesimama karibu na mizani ya vyuma. "Mama, nakuomba, usiuze bado."

Mama huyo ni Bi Mwanaima Kheri, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima mwani Kibuyuni, kule karibu na Shimoni. Pikapu hiyo ya dizeli, kuukuu, yenye rangi ya samawati iliyobabuka, ni mali ya kikundi. Leo ameileta Kombani iuzwe kwa kilo.

Gazeti hili lilikuwa hapo kwa habari nyingine kabisa, habari ya bei ya vyuma. Bei ya vyuma itasubiri.

Ili msomaji aelewe kwa nini Bi Mwanaima alikuwa karibu kulia, ni lazima ajue pikapu hiyo ilikuja kufanya nini Kibuyuni. Kabla yake, wanawake walivuna mwani, wakauanika kwenye vichanja, wakaufunga magunia, kisha wakakaa kumngoja mlanguzi. Mlanguzi alikuja na lori lake na bei yake, na asiyetaka alibaki na magunia yake yakioza mvua ikinyesha.

"Tuliuza sabuni za mwani tukachangishana, mwanangu, mpaka tukainunua," anasema Bi Mwanaima. "Tangu siku ile twapeleka mzigo wetu wenyewe Mombasa. Gari hili likifa, tumerudi kule kule kwa kumngoja bwana na lori lake."

Wiki iliyopita, walipofika Msambweni na shehena, mlio ukaanza. Dereva wao, Swabir, aliendesha polepole hadi Ukunda kwa Hesbon Odera, fundi anayeheshimika huko. Hesbon alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki. Fundi wa pili naye akasema vivyo hivyo. Kuiunda upya injini kama ile ni gharama inayozidi bei ya gari lenyewe.

Wanawake wakakaa kikao, wakakubaliana kuuza. Hesbon, ambaye roho yake si mbaya hata kidogo, akawaunganisha na mnunuzi wa Kombani anayelipa vizuri, na akawasindikiza mwenyewe.

Walichokuwa hawajui ni kwamba uwanja wa mnunuzi huyo umepakana na gereji ya Chome, na kwamba Chome hawezi kusikia gari likigonga akaendelea kunywa chai.

"Lilipoingia nilikuwa na kikombe mkononi," anasema. "Nikajiambia, hili halifi. Hili lalia tu."

Chome ana umri wa miaka hamsini na mitatu, Mduruma mzaliwa wa upande wa Kinango, mwembamba, mwenye mikono mirefu na maneno machache. Ana sikio moja. La kushoto lipo kichwani kama mapambo tu, maana lilikufa zamani katika nyumba ya jenereta ya hoteli moja ya Diani alikofanya kazi ujana wake wote. Hoteli ilipofungwa, wenzake walitoka na barua za kuwasifu. Yeye alitoka na ukimya upande mmoja.

Mkewe, Mbodze, anauza mihogo ya kukaanga ng'ambo ya barabara, na jambo hilo halimsumbui. "Nikitaka kumwomba pesa nasimama kulia," anasema huku akigeuza mihogo. "Nikitaka kumsema nasimama kushoto, nimalize yangu kwa raha."

Katika nyumba hiyo ya jenereta ndimo Chome alimojifunza kutumia kikonyo cha mpapai. Mafundi wengi huweka bisibisi ndefu sikioni. Chome anasema bisibisi huleta kelele za injini nzima kwa pamoja, na ukiwa na sikio moja huwezi kuzichambua. Kikonyo huchukua sauti ya pale ulipoelekeza tu. Halafu hakichomi sikio, hakinunuliwi, na kikinyauka mti uko nyuma ya gereji.

Siku njema humwachia shilingi elfu mbili. Siku mbaya yeye hula mihogo ya mkewe, tena kwa mkopo.

Turudi kwenye pikapu. Leo ni Ijumaa, na mnunuzi amesema wazi: lori linalobeba vyuma linaondoka kabla hajaenda msikitini. Kama gari halijapandishwa mizani kufikia hapo, wasimtafute tena.

"Nipe mpaka adhana," anasema Chome.

"Na ukikosea?" anauliza Swabir.

Chome anajifuta mikono. Anajua swali hilo lina uzito. Akiwaambia gari ni zima na kumbe ni konrodi, watapakia mzigo, na injini itapasuka njiani dereva akiwa ndani. Na huku mnunuzi atakuwa ameshakwenda zake.

"Nikikosea," anasema mwishowe, "jina langu hapa Kombani limekwisha. Nitakwenda kufuga mbuzi kwetu Kinango. Haya, washa."

Anachukua spana na kulegeza nati ya bomba la dizeli linaloingia silinda ya kwanza. Silinda hiyo inanyimwa mafuta, injini inatetemeka, lakini mlio unaendelea. Anakaza. Anakwenda ya pili. Mlio bado. Anakwenda ya tatu, analegeza, na ghafla ule mlio unakatika, injini inabaki inachechemea bila kugonga.

"Si niliwaambia!" Hesbon anapiga kofi paja lake. "Silinda ya tatu, mzee. Konrodi hiyo. Mi nishaona nyingi. Ukiiendesha wiki moja tu, itatoboa bloku ya injini."

Na Hesbon ana haki ya kusema hivyo. Konrodi iliyolika nayo hunyamaza silinda yake ikinyimwa mafuta, kwa sababu hakuna tena mlipuko wa kuisukuma. Bi Mwanaima anaziba mdomo kwa ncha ya leso. Mnunuzi anatazama saa yake.

"Twakubaliana, ndugu yangu," Chome anamwambia Hesbon. "Ni ya tatu. Lakini ndani ya ya tatu kuna konrodi, na juu yake kuna nozeli inayonyunyiza dizeli. Nozeli ikikwama, ikimwaga mafuta badala ya kunyunyiza, mlipuko unakuja vibaya, nayo hugonga vile vile."

Kisha anamgeukia Bi Mwanaima na kumwelezea taratibu, kama mtu anayemwomba mzazi ruhusa.

"Mama, konrodi haihami. Iko chini, imefungwa. Lakini nozeli naweza kuing'oa ya tatu nikaiweka ya kwanza, na ya kwanza nikaileta ya tatu. Mlio ukibaki ya tatu, Hesbon amesema kweli, uza. Mlio ukihamia ya kwanza, gari lako ni zima."

"Fanya, mwanangu," anasema Bi Mwanaima. "Bismillahi."

Ya kwanza inatoka kwa urahisi. Ya tatu inagoma. Chome anaimwagia mafuta ya taa, anangoja, anaigonga kidogo, anaizungusha, inagoma. Hapo Hesbon, aliyekuwa amekunja mikono, anavua saa yake, anachukua spana ndefu na kushika upande wa pili. Wanavuta pamoja. Sijui kama ni ufundi au ni hasira, lakini nozeli inatoka.

Zinabadilishwa nafasi. Mabomba yanafungwa. Swabir anapiga stata mara kadhaa ili hewa itoke, na injini inakohoa, inakataa, inakohoa tena. Mnunuzi anaanza kusogeza mnyororo wake. Injini inawaka.

Ko, ko, ko.

Mlio uko pale pale, mzito vile vile, na Bi Mwanaima anafumba macho. Chome hatazami mtu. Anakwenda moja kwa moja kwenye silinda ya tatu na kulegeza nati. Mlio unaendelea. Anakaza. Anakwenda ya kwanza, analegeza.

Kimya.

Anakaza, mlio unarudi. Analegeza, mlio unakufa. Anarudia mara nyingine, na safari hii nadhani anafanya kwa utamu wake tu.

"Imehama!" Ni Hesbon anayepiga kelele, na yeye ambaye hana uhusiano wowote na msikiti ndiye anayeapa: "Wallahi imehama! Mzee, wewe ni noma!" Anamkumbatia Chome, grisi kwa grisi. Bi Mwanaima anapiga kigelegele kirefu mpaka Mbodze anaacha mihogo ikiungua ng'ambo ya barabara na kuitikia bila hata kujua sababu. Mnunuzi anauviringa mnyororo wake na kwenda kutawadha.

Lakini Chome hajamaliza. Nozeli haikwami bure. Anaing'oa tena, anaifungua, anaitazama kwenye jua, anagusa ncha yake kwa ulimi na kutema.

"Chumvi," anasema. "Swabir, dizeli ya akiba mwaiweka wapi?"

"Kwenye madumu."

"Madumu gani?"

Swabir anamtazama Bi Mwanaima, na Bi Mwanaima anatazama chini. Mwani hausafishwi kwa maji ya kisima, kwani maji matamu huuharibu. Husafishwa kwa maji ya bahari. Na kwa kuwa maji yakipwa, bahari huwa mbali na vichanja, wanawake wa Kibuyuni huchota mapema na kuyaweka kwenye madumu. Madumu hayo hayo, yakishakauka, ndiyo yaliyokuwa yakipelekwa kituoni kununulia dizeli.

"Ee Mola wangu," anasema Bi Mwanaima, leso imemfunika uso wote, mabega yakitetemeka kwa kicheko. "Kumbe sisi wenyewe ndio tuliolinywesha gari bahari!"

Hesbon anapanda bodaboda hadi Ukunda na kurudi na nozeli nyingine kutoka ghalani mwake. Hataki hata kusikia habari ya malipo. Tangi linamwagwa, linasuuzwa, chujio linabadilishwa, nozeli nyingine zote zinasafishwa. Baada ya swala ya Ijumaa, Swabir anawasha. Injini inanguruma kama inavyopaswa dizeli kuukuu kunguruma, kwa kelele zake za kawaida na hakuna zaidi.

Chome anasisitiza kwenda nayo hadi Kibuyuni, ili aisikilize njiani, nami napanda nao. Anakaa dirishani, sikio lake zima likielekea boneti, na hapo ndipo anaposema anachokitaka maishani. Anataka mashine ya kupimia nozeli, kwa sababu leo nozeli ya huku Kwale ikitiliwa shaka hupelekwa Mombasa. Ameshaanza kuweka akiba.

"Magari mengi yamepita mlangoni kwangu yakienda mizani yakiwa mazima," anasema. "Yameuzwa kwa hofu ya mlio. Nikiwa na mashine ile, sitamwomba mtu aniamini. Nitamwonyesha."

Tunaingia Kibuyuni jua likiwa bado kali, na tunachokikuta kinamfanya Swabir akanyage breki. Habari ya kuuzwa kwa pikapu imemfikia mlanguzi kabla yetu. Lori lake limesimama kando ya vichanja, na wanawake wanapakia magunia ya mwani kimya kimya, kama watu wanaosaidia kubeba jeneza. Mlanguzi mwenyewe ameegemea mlango, anachokonoa meno. Bei aliyotoa ni ya zamani, ya kabla ya pikapu.

Swabir anapiga honi. Wanawake wanageuka. Wanaisikiliza injini. Kisha mmoja anaachia gunia lililokuwa begani, likaanguka mchangani, na vigelegele vikaanza upande ule wa vichanja vikasambaa mpaka nyumbani.

Magunia yanashushwa kutoka kwenye lori kwa kasi ambayo hayakupandishiwa. Bi Mwanaima anateremka, anakaza leso yake, na mlanguzi anamfuata kwa hatua za haraka.

"Shikamoo, Bi Mwanaima. Hebu tuzungumze basi. Mwataka bei gani?"

"Marahaba, mwanangu," anajibu Bi Mwanaima kwa adabu zote, bila kusimama. "Bei tutaiuliza kesho Mombasa. Hebu sogeza lori lako kidogo, gari letu lipite."