Homuweki za Baba

Barua ya shule ilikuwa fupi. Wazazi wa darasa la sita tufike Ijumaa, lakini safari hii mwalimu hatasema kitu. Kila mtoto atafungua madaftari yake mbele ya mzazi, aeleze mwenyewe anachokijua na asichokijua. Niliisoma mara tatu.

Mwaka ule maduka ya Musoma yalikuwa yamejaa sabuni na redio za kila aina, na mimi nilikuwa nimepunguzwa kazini. Wenzangu walikwenda Bunda kuuza mitumba. Mimi, mtu wa kukaa ndani tangu kuzaliwa, nikabaki nyumbani Kamunyonge na kidato cha nne changu, nikaanza kumsaidia binti yangu homuweki. Kumsaidia ndivyo nilivyokuwa naita. Ukweli ni kwamba nilikuwa naziandikaga zote, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane na wa mtoto, na makosa mawili matatu nikiyapachika ili mwalimu asishtuke. Wino mwekundu ukisema "Vizuri sana", nilishinda siku nzima kifua mbele. Nani mwingine alikuwa ananisifu? Mke wangu, akirudi sokoni na beseni lake la dagaa, aliulizaga tu, "Mwanafunzi, leo umepata ngapi?"

Darasa lilikuwa na watoto wengi, mwalimu mmoja. Alama zangu ndizo zilizokuwa zinambeba binti kwenda la saba.

Wiki ile hakuniletea daftari hata moja. Jumatano nilimkuta ameinama kando ya kitanda, anayapanga madaftari mafungu mawili. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anafagia. Ufagio ulikuwa nje.

Ijumaa wingu zito lilitanda upande wa ziwani, darasani kukawa giza, mabati yanagonga. Baba mmoja wa Buhare alikuwa mbele yetu. Mwanawe alikiri kwamba hesabu za sehemu zinamshinda, wakacheka yeye, baba yake na mwalimu. Nikapata moyo kidogo. Ikafika zamu yetu.

Binti akaweka fungu la kwanza mezani. Lilikuwa jembamba, limejaa mikasi, zile alama nyekundu za kukosa. "Haya ni ya kwangu," akasema. Akaweka la pili. "Haya ni ya baba."

Mwalimu alifungua daftari moja, akalisoma taratibu, akaninyanyulia macho. "Mzee, hongera. Umefaulu."

Wazazi waliokuwa nyuma wakacheka. Na mimi nikacheka. Mtoto hakucheka.

"Mwalimu, naomba nisiende la saba," akasema. "Nirudie la sita. Siku ya mtihani wa taifa baba hatakuwepo."

Mwalimu akaniuliza, kama mzazi, nasemaje. Maswali yote ya darasa la sita nilikuwa na majibu yake. Hilo sikuwa nimelisoma. Nikasema arudie. Mwalimu akaandika, kalamu ikisikika darasa zima.

Njiani binti alitangulia, hakugeuka. Nyumbani akafuta meza, akachukua daftari jipya, akaniambia kwa adabu, "Baba, naomba ukae nje."

Nikakaa kibarazani. Mvua ikaanza. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia anahesabu kwa sauti: saba mara nane, hamsini na nne. Akarudia tena, hamsini na nne, akaandika. Nikaziba mdomo kwa kiganja, hamsini na sita isinitoke.