Udongo wa Desemba

Sisi tuliokulia Kimilili zamani, Krismasi yetu ilianzia miguuni. Shule ikifungwa tu, mama alimwaga udongo mwekundu uani, akatia maji na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha akatuita sote saba tuukanyage. Miguu kumi na minne. Tulisukumana, tukaangushana, hadi matope yakatufika masikioni. Mama alichota kidogo, akausugua kati ya vidole, akasema, "Kanyageni. Bado haujaiva." Ukiiva, aliukandika ukutani, halafu akapaka samadi na majivu, na nyumba ikanukia kama mvua ya kwanza. Vijana wa leo wakigusa tope kidogo tu wanainama kufuta raba zao kwa kitambaa.

Mimi niliionea aibu nyumba ile. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuuza viazi sokoni, nikapata diploma ya ujenzi, na katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyejenga Ujerumani miaka sita. Nilipokaribia kurudi nilimpigia simu mdogo wangu Wafula, nikamwambia aibomoe nyumba ya mama. Nikifika, nitaweka ya mawe.

Zilibaki siku mbili kabla ya ndege, nikaenda kuutazama mji wa kale wa Quedlinburg. Nyumba zake ni za mbao, zimepinda kwa uzee, zina mamia ya miaka, na watu hutoka mbali kuzipiga picha. Ukuta mmoja ulikuwa unatengenezwa, umeachwa wazi. Nikachungulia kwa jicho la fundi. Fito. Udongo. Majani makavu yaliyokatwakatwa. Fundi mmoja mzee alikuwa akiukandika kwa kiganja, sawasawa na mama. Nikamuuliza, kwa Kijerumani changu safi, kwa nini hatumii saruji. Akanieleza kwamba saruji hufungia maji ndani, mbao zikaoza.

Pale pale barabarani nikampigia Wafula, nikamwomba asimamishe kazi kama bado kuna cha kusimamisha.

"Bro, tumesimama tangu asubuhi," akasema. "Mama amekataa kutoka. Ameketi ndani anachambua maharagwe. Ati wewe mwenye diploma uje uibomoe yeye akiwa ndani."

Desemba hii nilivua viatu nilivyonunua Ujerumani, nikaingia kwenye udongo. Ndugu zangu wametawanyika, huyu Kitale, yule Webuye, wengine Bungoma mjini. Watoto wa Wafula walisimama mbali wakinirekodi kwa simu, wakicheka. Niliwaita, wakasema watakuja. Enzi zetu kazi hii iliisha kabla ya saa sita. Safari hii saa kumi ilinikuta bado nakanyaga, kiuno kinauma, na miguu ni miwili tu.

Mama alikuja polepole na fimbo yake, akachota kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Kanyaga, baba," akasema. "Bado haujaiva."